Vipele viwikoni, tumbo halina shida: siliaki inapojitokeza kwenye ngozi

SWALI

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Kwa zaidi ya miaka miwili nasumbuliwa na vipele vinavyowasha kupita kiasi, viwikoni, magotini, makalioni na kidogo kichwani. Nimetibiwa upele, nikatibiwa fangasi, nikapewa krimu za ukurutu. Vinapoa kidogo kisha vinarudi. Mdogo wangu aligundulika na ugonjwa wa siliaki mwaka jana, na yeye ndiye aliyeniambia huenda na mimi ninao. Lakini tumbo langu halina shida: siharishi, sijapungua, nakula vizuri. Hata hivyo nimeacha mkate na kila kitu cha ngano kwa wiki tatu sasa, na muwasho uko palepale. Je, ugonjwa wa tumbo unaweza kutokea kwenye ngozi peke yake? Niendelee kuacha ngano au nirudi? Nimebadilisha hata sabuni na shampuu, maana nilisoma kwamba nazo huwa na ngano. Na mama yetu ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba: ni kitu kimoja?"

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na swali lako la katikati, kwa sababu ndilo lenye haraka. Rudi kula ngano, na uendelee kuila mpaka utakapokwisha kupimwa. Najua si jibu ulilolitarajia. Lakini siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu anapokula gluteni, na vipimo vyake vinatafuta alama zinazoachwa mwilini na gluteni hiyo, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ukiiondoa gluteni, kingamwili kwenye damu zinaanza kushuka, utumbo unaanza kupona, na baada ya miezi kadhaa unaweza kupewa majibu safi ilhali ugonjwa unao. Wengi wanakwama hapo: hawawezi kuthibitisha wanaugua nini, na hawana moyo wa kurudia chakula kilichokuwa kikiwatesa. Wewe hujafika huko, wiki tatu ni chache. Vipande viwili vya mkate kwa siku, au chakula kingine cha ngano cha kiasi hicho, vinatosha; kisha damu ichukuliwe baada ya wiki 6 hivi. Kipimo cha ngozi, ambacho ndicho muhimu zaidi kwako, hakina haja ya kusubiri wiki zote hizo. Vipele vikiwepo, kifanyike.

Na muwasho kutopungua ndani ya wiki tatu si ushahidi kwamba mdogo wako amekosea. Hata mgonjwa aliyethibitishwa, akiacha gluteni kikamilifu, ngozi yake huchukua miezi mingi kutulia. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa, je, ugonjwa wa utumbo unaweza kutokea kwenye ngozi peke yake? Ndiyo. Hali hiyo inaitwa dematitisi hepetifomisi, na kuanzia hapa nitaiita DH. Haisababishwi na virusi vya hepesi wala haiambukizwi, kwa hiyo usiogope kulala na wanao. Watu wengi wenye DH hawana malalamiko ya tumbo kabisa, au wana gesi na kujaa kidogo ambako wamekuzoea tangu utotoni na hawakuhesabu kama ugonjwa. Ukichukua kinyama cha utumbo wao mwembamba ukakiweka chini ya darubini, walio wengi wana uharibifu uleule wa siliaki, na waliobaki mara nyingi wana dalili ndogo za mwanzo wake. Kwa hiyo DH si ugonjwa jirani wa siliaki. Ni siliaki yenyewe, inayoonekana kwa nje.

Kuunganisha mambo haya mawili kulichukua muda mrefu. Louis Duhring, daktari wa ngozi wa Philadelphia, aliieleza DH mwaka 1884. Miaka minne baadaye, 1888, Samuel Gee wa London akaieleza siliaki ya watoto. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alianza kuishuku ngano miaka ya 1930, na tasnifu yake iliyoonyesha kwamba ndiyo inayowaumiza watoto hao ikatoka mwaka 1950. Lakini ni mwaka 1966 tu ndipo Janet Marks na wenzake huko Uingereza walipochukua vinyama vya utumbo wa wagonjwa wa DH na kukuta umeharibika kama wa siliaki. Miaka zaidi ya 80 magonjwa hayo yaliishi kwenye vitabu tofauti, na nathubutu kusema kwamba mgawanyo huo haujaisha: wa tumbo hatazami viwiko, wa ngozi haulizi habari za choo, na mgonjwa anazunguka katikati yao na mfuko wa krimu.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Gluteni haimeng'enywi yote, vipande vyake vinabaki utumboni. Kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminasi 2 huvibadilisha kidogo, na kwa mtu aliyerithi jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, mfumo wa kinga huvichukulia vipande hivyo kama adui. Jeni hizo si za ajabu; katika jamii nyingi takriban theluthi moja ya watu wanazo, na wengi wao hawaugui maisha yao yote. Siliaki yenyewe huwapata kama mtu 1 kati ya 100. Kwa wanaougua, kinga inaushambulia utumbo na pia inatengeneza kingamwili dhidi ya kile kimeng'enya. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, ambao kwa kawaida umejaa vinyweleo vya kunyonya chakula kama nyuzi za taulo jipya, unachakaa na kuwa tambarare.

Ugonjwa ukikaa miaka bila kugunduliwa, kwa baadhi ya watu kinga hupanua shabaha yake. Inaanza kushambulia pia transglutaminasi 3, ndugu wa kile cha kwanza, ambaye makazi yake ni ngozi. Kingamwili za aina ya IgA zikishikana na kimeng'enya hicho hutua pale ngozi ya ndani inapopakana na ngozi ya juu. Chembe nyeupe za damu zinafuata na kumwaga kemikali zao, tabaka hizo mbili zinaachana, na pengo linajaa maji. Hilo ndilo lengelenge la DH. Mlolongo huu ndio unaoeleza kwa nini DH huanza zaidi ukubwani, hasa kati ya miaka 30 na 50, wakati siliaki ya tumbo huweza kuonekana kwa mtoto aliyeanza juzi kula uji wa ngano. Unaeleza pia kwa nini katika nchi kama Finland na Uingereza, ambako siliaki inagunduliwa mapema kuliko zamani, DH inazidi kuwa chache.

Sijaiona ngozi yako, kwa hiyo nitakueleza ninachokitafuta ninapoitazama ya mtu mwingine, ulinganishe. DH huanza kabla ya kuonekana. Mahali panachoma na kuwasha, mgonjwa anapapasa, hakuna kitu. Baada ya saa kadhaa vinatokea vipele vidogo vilivyojikusanya, na juu ya baadhi yake kuna lengelenge la milimita 2 au 3 lenye maji maangavu. Lengelenge hilo ni nadra kumaliza siku. Linakunwa mpaka linapasuka, na likipasuka muwasho wa hapo unapungua kidogo, jambo ambalo wagonjwa wengi hulitaja wenyewe bila kuulizwa. Anapofika kwa daktari hakuna tena lengelenge la kuonyesha. Kuna vidonda vidogo vyenye gaga, mistari ya kucha, na madoa ya zamani. Mpangilio ndio unaoisaliti: kiwiko cha kulia na cha kushoto, goti hili na lile, makalio yote mawili, sehemu ya chini ya mgongo, mstari wa nywele nyuma ya shingo. Ulivyoviorodhesha ndivyo vitabu vinavyoviorodhesha.

Kwa ngozi nyeusi kuna ugumu mwingine. Wekundu unaochorwa kwenye vitabu hauonekani. Unaona zambarau iliyofifia au kahawia iliyokoza, na kila kidonda kikipona kinaacha doa jeusi linalodumu miezi. Daktari anaona madoa, mgonjwa anapewa krimu ya madoa. Ukisikia pia kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu, usikubali kirahisi. Ni kweli DH imeripotiwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na ni nadra kwa Waafrika weusi na watu wa Asia ya mashariki. Lakini mojawapo ya viwango vya juu kabisa vya siliaki vilivyowahi kupimwa duniani, zaidi ya watoto 5 kati ya 100, kilipatikana miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi. Na kwako wewe takwimu za mabara zina uzito mdogo kuliko jambo moja: mdogo wako wa damu anao. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wa siliaki, yaani wazazi, watoto na wa tumbo moja, ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuwa nao.

Kuhusu hizo tiba ulizopitia, siwalaumu waliozitoa. Magonjwa hayo yote huwasha na ni ya kawaida kuliko DH. Ila kuna vitofautishi ambavyo vingeweza kuulizwa. Upele hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kwa kawaida baada ya wiki chache wengine nyumbani nao wanajikuna. Miaka miwili ya upele wa mtu mmoja tu ndani ya nyumba ina walakini. Fangasi huwa na ukingo wa mviringo wenye magamba unaotanuka taratibu. Ukurutu wa pumu ya ngozi kwa mtu mzima hukaa kwenye mikunjo ya ndani, upande ule kiwiko kinapokunjwa, huku DH ikikaa upande wa nje unaouegemeza mezani. Na krimu za steroidi hupunguza muwasho wa DH kwa kiasi, ndiyo maana ulipata nafuu ya muda ukadhani njia ni sahihi.

Tuje kwenye vipimo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo DH nyingi zinapopotea hata baada ya daktari kuifikiria.

Kipimo kinachoamua ni bayopsi ya ngozi, lakini si bayopsi yoyote. Daktari anachoma sindano ya ganzi, anatumia kikata duara chenye upana wa milimita 4 hivi, anatoa kinyama, anashona uzi mmoja au miwili, na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Swali ni akate wapi. Akikata kidonda chenyewe, chembe nyeupe zilizojaa hapo zitakuwa zimekwisha kuzila zile kingamwili, na jibu linaweza kuwa hasi kimakosa. Kinyama kinatakiwa kitoke kwenye ngozi inayoonekana nzima, milimita chache kando ya kipele kipya. Wagonjwa hushangaa ("daktari, mbona unakata pazima?") lakini hapo ndipo ushahidi ulipo.

Jambo la pili ni chupa. Vinyama vingi vya hospitali hutumbukizwa kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhia. Kinyama cha DH hakitakiwi kuingia humo, kwa sababu formalini inaharibu kipimo cha mng'ao wa kingamwili ambacho ndicho tunachokitaka. Kinawekwa kwenye kimiminika maalumu cha kusafirishia, au kwenye maji ya chumvi ya hospitali kikiwahishwa maabara. Madaktari wengi wa ngozi huchukua viwili: kimoja cha ukingo wa lengelenge kwenye formalini kwa uchunguzi wa kawaida, kingine cha kando kwa ajili ya mng'ao. Maabara hukipaka rangi inayong'aa inayoshika IgA, na mgonjwa akiwa na DH, kwenye giza la darubini huonekana vitone vya kijani vimejipanga kwenye ncha za ngozi ya ndani, kilima baada ya kilima. Ukishaviona mara moja huvisahau. Kwa hiyo ukienda, uliza mambo mawili kwa adabu: kinyama kitatoka wapi, na je, kitapimwa mng'ao wa IgA? Si kumfundisha daktari kazi. Kliniki ina mambo mengi, na chupa ya formalini ndiyo iliyo karibu na mkono.

Pamoja na ngozi, pima damu: kingamwili za transglutaminasi aina ya IgA, na kiwango cha IgA yote. Hicho cha pili husahaulika. Wapo watu, na miongoni mwa wenye siliaki wanafikia 2 au 3 kati ya 100, ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha. Kwao kipimo cha kwanza kitasoma hasi hata utumbo ukiwa umeharibika. Fahamu pia kwamba kwenye DH kipimo cha damu kinaweza kuwa hasi hata IgA ikiwa ya kutosha, hasa utumbo ukiwa umeumia kidogo tu. Damu hasi haifuti bayopsi chanya. Kwa upande mwingine, bayopsi ya ngozi ikionyesha vile vitone na historia yako ikiendana, huhitaji lazima kumeza mpira wa kamera ili kuthibitisha siliaki. Utambuzi umekwisha kupatikana. Kamera huja kama kuna dalili za tumbo, upungufu wa damu usioeleweka, au mashaka. Kipimo cha jeni kina kazi moja tu ya maana: ukikosa DQ2 na DQ8 zote mbili, siliaki inakuwa mbali sana. Ukiwa nazo, haithibitishi kitu.

Tuseme majibu yametoka na ni DH. Tiba ni mbili, na zinakwenda kwa kasi tofauti kabisa.

Ya haraka ni dapsoni. Ni dawa ya zamani, ileile inayotumika kwenye matibabu ya ukoma, na nakutajia mapema ili usishtuke ukisoma karatasi ya ndani ya boksi. Kwenye DH inafanya kazi nyingine, ya kuzituliza zile chembe nyeupe. Inafanya kazi upesi kiasi kwamba mtu aliyekuwa halali usiku analala ndani ya siku mbili tatu. Lakini ina masharti yasiyo na mchezo. Kabla ya kidonge cha kwanza lazima upimwe G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake ni wa kurithi na umeenea hasa kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, na mwenye upungufu huo akimeza dapsoni damu yake inaweza kuvunjika vibaya. Hata asiye na upungufu, damu hupungua kidogo, kwa hiyo picha ya damu hurudiwa kila wiki mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, pamoja na vipimo vya ini. Midomo kuwa ya bluu, kuhema, mkojo mweusi, homa na koo kuuma, au homa na harara mpya kwenye wiki za mwanzo: acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama unanyonyesha, mwambie daktari, maana dapsoni hupita kwenye maziwa.

Ya polepole, na ndiyo tiba yenyewe, ni kuacha gluteni maisha yote. Ngozi huanza kuitikia baada ya miezi, mara nyingi kuanzia miezi 6, na kwa wengine inafika miaka 2 kabla ya dapsoni kuachwa kabisa. Sababu ni kwamba zile kingamwili zilizokwisha kutua kwenye ngozi haziondoki upesi. Zinaweza kukaa huko miaka hata kama hakuna mpya zinazotengenezwa. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida ni kuanza vyote viwili pamoja, kisha dozi ya dapsoni inapunguzwa kidogo kidogo kadiri mlo unavyoshika.

Kuna kishawishi hapa. Kidonge kimoja kwa siku kinazima muwasho, mkate unaendelea kuliwa, maisha yanasonga. Mimi siungi mkono. Dapsoni haigusi utumbo hata kidogo. Utumbo unabaki umeharibika, madini na vitamini vinaendelea kupotea, mifupa inadhoofika, na kuna hatari ndogo lakini ya kweli ya saratani ya limfu, ambayo mlo usio na gluteni unaipunguza na dapsoni haiipunguzi. Anayekunywa dapsoni huku anakula ngano amefunga mdomo wa ngozi tu.

Mlo wenyewe ni rahisi kueleza kuliko kuishi nao. Ngano ya kila aina, shayiri na rai vinatoka. Mchele, mahindi, mtama, viazi, mihogo, kunde zote, nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda vinabaki, na mtu anaweza kushiba vizuri kwa hivyo. Shida ni ngano iliyojificha: sosi ya soya, supu iliyozitishwa kwa unga, soseji, kimea cha shayiri, bia, mafuta yaliyokaangia kitu chenye unga. Lebo inayosema haina ngano haitoshi, kwa kuwa kimea si ngano. Tafuta inayosema haina gluteni. Codex, kiwango cha kimataifa cha vyakula, kinaruhusu gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. Oti safi isiyochanganyika na ngano huwafaa wengi, ila ningekushauri isubiri mpaka ngozi itulie. Na omba kuonana na mtaalamu wa lishe, pamoja na kupimwa madini ya chuma, foliki, B12 na vitamini D mwanzoni.

Kitu kimoja ambacho hata wenye DH ya miaka mingi hawakijui ni madini joto, iodini. Wingi wake unaweza kuamsha vipele hata kwa mtu anayeshika mlo. Simaanishi uache chumvi yenye madini joto, mwili unaihitaji. Namaanisha vidonge vya mwani, dawa za kikohozi zenye iodini, na dawa za picha za hospitali zenye iodini nyingi: mtajie daktari kwamba una DH. Baadhi ya dawa za maumivu kama indometasini nazo zimeshutumiwa.

Sabuni na shampuu rudisha zile ulizozipenda. Gluteni ni molekuli kubwa, haipenyi ngozi nzima ikafika kwenye utumbo, na DH haitokani na gluteni iliyogusa ngozi bali iliyomezwa. Ninachoangalia ni rangi ya midomo na dawa ya meno, kwa sababu hizo zinamezwa kidogo kidogo. Tena umesema vipele viko kichwani, na shampuu mpya zenye manukato makali zinaweza kukuongezea muwasho wa aina nyingine kabisa.

Siliaki inaweza kuigusa ngozi kwa njia nyingine pia. Ya kwanza ni njaa ya virutubisho. Utumbo usionyonya chuma huonekana kwenye kucha zinazobonyea katikati, pembe za mdomo zinazopasuka na nywele zinazopukutika. Zinki ikipungua, vidonda havifungi. Vitamini A ikipungua, ngozi inakuwa kavu na yenye chunusi ngumu kwenye vinyweleo. Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia navyo ni dalili inayopuuzwa mno, na meno ya ukubwani yenye mistari au mashimo kwenye ganda lake la juu huweza kuwa kumbukumbu ya siliaki ya utotoni. Jitazame kwenye kioo, na umtajie daktari ukiviona.

Ya pili ni magonjwa ya kinga yanayotembea pamoja. Mwaka 1995 watafiti wa Italia walieleza uhusiano wa siliaki na kunyonyoka nywele kwa viraka, na kwa baadhi ya wagonjwa nywele ziliota baada ya kuacha gluteni, ingawa viraka hivyo huweza kuota vyenyewe hata bila kubadili mlo, kwa hiyo usimwahidi mtu. Vitiligo, yaani mabaka meupe ya ngozi, na vipele vya mzio vinavyovimba na kupotea vimetajwa pia, kwa ushahidi dhaifu zaidi. Tezi ya shingo na kisukari cha aina ya kwanza viko kwenye ukoo huohuo, na kwa mwenye DH mimi hupima tezi hata bila dalili.

Watoto wako wawili wasubiri jibu lako. Ukiwa na DH, nao wapimwe damu wakiwa wanakula ngano kama kawaida. Wakitoka hasi si mwisho, kwani siliaki inaweza kuanza baadaye, kwa hiyo kipimo hurudiwa miaka michache mbele au dalili zikitokea. Usiwaondolee ngano kwa tahadhari tu.

Na mama. Soriasisi si DH wala si siliaki. Ni kweli kwamba wenye siliaki hupata soriasisi zaidi kidogo kuliko watu wengine, na baadhi ya wenye soriasisi ambao damu yao ina kingamwili za siliaki wamepata nafuu kwa kuacha gluteni. Lakini wengi wenye soriasisi hawana siliaki, na kwao kuacha mkate ni adhabu isiyo na faida. Kwa vile binti yake mmoja ana siliaki iliyothibitishwa, mama anastahili kipimo cha damu hata kama asingekuwa na tatizo lolote la ngozi. Kikiwa hasi, aendelee na dawa zake za soriasisi na chakula chake cha kila siku.